Toleo, Marekebisho au Marejeo? Uhakiki wa Istilahi za Kuhesabia Mabadiliko ya Michoro ya Uhandisi

Utangulizi

Nilipokuwa likizoni nyumbani Kamuli, sehemu ya Karagwe ya zamani ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Kyerwa, fundi mwashi mmoja wa makamo alinitandikia mezani karatasi mbili. Zote zilikuwa michoro ya jengo moja alilopata kulijenga miaka ya nyuma mahali pengine. Kwenye kona ya chini kulia, karatasi ya kwanza iliandikwa "Toleo la 2". Ya pili iliandikwa "Marekebisho 2". Hakuna iliyokuwa na tarehe. Katika ya kwanza linta ilichorewa nondo za milimita 12. Katika ya pili, nondo za milimita 16.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe kazi yako ni maneno. Nieleze, ipi kati ya hizi ni ya mwisho?"

"Mzee," nikamjibu, "hata mimi sijui."

Naye alikuwa amekwisha kuiuliza ofisi iliyomletea, akajibiwa kwa simu: "Tumia ile ya mwisho." Ya mwisho ipi? Iliyochorwa mwisho, au iliyomfikia mwisho? Alifuata iliyomfikia mwisho. Siku msimamizi wa kazi alipokuja, linta ilivunjwa, kwa kuwa karatasi iliyomfikia mwisho ndiyo iliyochorwa kwanza.

Hesabu ya mhandisi katika kila karatasi huenda ilikuwa sahihi, na mikono ya fundi haikuwa na lawama. Kilichokosekana ni jina. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno tunayoyatumia kuyataja mabadiliko ya michoro ya uhandisi, kuyapima na kanuni za kuhesabu zinazotumika duniani, na kutoa pendekezo mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Hoja yake ni moja: hatutapata namba zinazoaminika mpaka kwanza tukubaliane juu ya kitu kinachohesabiwa.

Nani anayesoma mchoro?

Pengine msomaji atasema kwamba jambo hili ni la wahandisi, nao husomeshwa kwa Kiingereza, basi waachiwe wenyewe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mchoro ungekaa mikononi mwa mhandisi peke yake. Sivyo ulivyo nchini mwetu. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Kazi hiyo ilifanyika kwa utaratibu uitwao force akaunti. Katika utaratibu huo shule yenyewe, kwa njia ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, hununua vifaa na kuwasimamia mafundi.

Maana yake ni kwamba mtunzaji wa mchoro ni mwalimu mkuu. Anayehesabu nondo zilizoshushwa ni mjumbe wa kamati ya mapokezi, ambaye huenda ni mkulima wa kahawa na ndizi. Lugha ya kikao chao ni Kiswahili. Wakiletewa karatasi ya pili inayotofautiana na ya kwanza, wataijadili kwa Kiswahili, na wasipokuwa na neno la kutaja tofauti hiyo, fedha za umma zitaamuliwa kwa kubahatisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mchoro nao ni daftari.

Maneno manne yanayogombea nafasi moja

Katika barua, hati za zabuni na michoro yenyewe, mwandishi wa makala haya amekutana na maneno manne yanayotumika kwa dhana moja.

Neno la kwanza ni toleo. Hili ni neno zuri, lakini limebebeshwa mzigo usio wake. Katika ulimwengu wa vitabu maana yake imekwisha kutulia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kitabu kikipigwa chapa tena bila kubadilishwa kilichomo, wachapaji huandika chapa ya pili, wala hawaandiki toleo la pili. Wametenganisha mambo mawili: kubadilisha kilichomo na kutoa tena kilekile. Katika michoro tumelichukua neno toleo bila kuuchukua utengano huo. Hivyo "Toleo la 2" huweza kumaanisha kwamba mchoro umebadilishwa, au kwamba karatasi ileile imetumwa mara ya pili kwa kuwa ya kwanza ililowa mvua.

Neno la pili ni marekebisho. Hili limekaribia zaidi lengo, kwa sababu kurekebisha ni kukiweka kitu sawa bila kukiondoa. Kasoro yake ipo katika idadi. Tumezoea kulitumia kwa wingi tu, kama katika sheria na katiba, na wingi huo ukiungana na namba huzaa utata. "Marekebisho 2" ni nini? Ni mabadiliko mawili yaliyofanywa kwa pamoja, au ni mara ya pili kwa mchoro kurekebishwa? Kiswahili kina njia ya kuyatenga hayo: marekebisho mawili ni hesabu, bali rekebisho la pili ni mpango. Kiunganishi hicho kidogo, la, ndicho kinachotofautisha idadi na cheo. Mchoraji anayekiacha ili kubana nafasi huwa ameacha maana.

Neno la tatu ni masahihisho. Hili linafaa kukataliwa kwa kazi hii, japokuwa ni sanifu na lina kazi yake. Kusahihisha ni kuondoa kosa. Lakini mchoro hubadilishwa kwa sababu nyingi zisizo kosa: mwenye jengo ameongeza chumba, udongo wa mahali umeonekana laini kuliko ilivyodhaniwa, bati la aina iliyotajwa halipatikani madukani. Kuyaita yote hayo masahihisho ni kumtwisha mchoraji lawama asiyostahili. Aidha, kunamfanya aone haya kuandika badiliko, akalifuta na kulichora upya kimyakimya. Istilahi inayomtia mtu aibu humfundisha kuficha.

Neno la nne ni marejeo. Limesikika zaidi kwa wanasheria, ambao husema "Marejeo ya mwaka 2002" wakitaja sheria zilizopangwa upya na kuchapishwa katika mwaka huo. Huko halina madhara makubwa, maana mwaka umetajwa. Lakini wanafunzi wote wa vyuo vyetu wanalijua kuwa ni orodha ya vitabu vilivyorejelewa. Mchoro nao una orodha ya michoro mingine inayorejelewa. Tukiliingiza marejeo hapo kwa maana mbili, tutakuwa tumeziba shimo moja kwa kuchimba jingine.

Kwa haki lazima litajwe neno la tano, ambalo haliandikwi bali husemwa: rivisheni. Mafundi hulitumia, nao huelewana. Sina ugomvi nalo katika mazungumzo ya kazini. Upungufu wake ni kwamba halimwambii lolote mjumbe wa kamati anayelisikia mara ya kwanza, wala halizai kitenzi. Tunaweza kusema mchoro umerekebishwa. Hatuna la kusema kutokana na rivisheni.

Kanuni za kuhesabu

Sasa tutazame namba na herufi zenyewe. Duniani hakuna kanuni moja, na hilo lijulikane tangu mwanzo, kwani hati zinazofika kwetu hutoka kwa wahandisi wa mataifa mengi.

Wamarekani, katika kiwango kiitwacho ASME Y14.35, hutumia herufi kubwa kuanzia A. Huziacha herufi sita: I, O, Q, S, X na Z. Sababu yake ni ya macho. I hufanana na 1, O na Q hufanana na 0, S hufanana na 5, Z hufanana na 2, na X hudhaniwa kuwa alama ya kufuta. Zinabaki herufi 20. Zikiisha, hesabu huendelea kwa AA, AB na kuendelea.

Waingereza, katika kanuni za kazi za ujenzi zilizotolewa mwaka 2007 kwa jina la BS 1192, waliunganisha herufi na tarakimu. P01, P02 na P03 ni michoro ya awali, inayotolewa kwa kujadiliwa. C01, C02 na kuendelea ni michoro ya mkataba, ambayo mjenzi anaruhusiwa kuifuata. Kwa mpango huo, alama hujibu maswali mawili: ni mara ya ngapi, na ni ya nini. Wafaransa nao huiita alama hiyo kwa neno lenye maana ya kiashirio, na huandika A, B, C. Ndugu zetu wa Kongo Mashariki wanaofanya kazi na makampuni yenye desturi za Kifaransa hukutana nalo. Nalo Shirika la Kimataifa la Viwango, katika ISO 7200 ya mwaka 2004, limeonyesha mambo yanayopaswa au yanayoweza kuwamo katika jedwali la kichwa cha mchoro, miongoni mwake namba ya utambulisho, tarehe ya kutolewa, alama ya rekebisho na lugha ya hati.

Kisha kuna ofisi zinazoanza na 0. Hapa ndipo Mswahili hukwama. Rekebisho la sifuri ni nini? Ni mchoro ambao haujarekebishwa. Basi rekebisho la 1 ndilo toleo la pili, na rekebisho la 2 ni toleo la tatu. Mtu akichanganya hesabu hizi mbili, kila karatasi itakosewa kwa moja. Jambo hili lisitushangaze sisi ambao huishi na saa mbili. Msafiri akiandikiwa saa 1 katika tiketi, huuliza kwanza kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Hesabu zote mbili ni sahihi; kinachomponza msafiri ni kutojua aliyeandika alianzia wapi.

Liko jambo jingine kubwa kuliko haya. Si kila badiliko ni la kuhesabiwa kama rekebisho. Kanuni inayoheshimiwa na wahandisi ni kwamba kitu kipya kikiwa hakiwezi kuwekwa mahali pa cha zamani na kufanya kazi ileile, basi kimekuwa kitu kingine, nacho kipewe namba mpya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu. Swichi ya kuwashia ya baadhi ya magari yake iliweza kuteleza na kuzima injini gari likiwa linakwenda, na mifuko ya hewa ya kukinga abiria isifunguke. Mwaka 2006 kipande cha ndani ya swichi kilibadilishwa kikawa imara zaidi, lakini namba ya swichi haikubadilishwa. Waliochunguza ajali waliona namba ileile katika magari ya zamani na mapya, wakaamini kuwa ni kitu kilekile, na chanzo kikaendelea kufichika. Mwaka 2014 magari yapatayo milioni 2.6 yaliitwa kurudishwa, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Swichi mbovu ilikuwa kosa la ufundi. Kufichika kwake kwa miaka mingi kulisaidiwa na namba iliyosema uongo.

Herufi zikifika masikioni mwetu

Waliotunga kanuni ya kuziacha herufi sita walifikiria macho. Hawakufikiria sikio la Mswahili, na wala haukuwa wajibu wao. Ni wajibu wetu.

Kwanza, alfabeti yetu haina Q wala X, na C haisimami peke yake. Huandamana na h. Mtoto wa shule ya msingi akisoma orodha ya herufi za Kiswahili, baada ya b husoma ch. Kamati inayopokea "rekebisho C" itaisoma, bila shaka, lakini wako watakaouliza kama A, B na D ndio mfuatano.

Pili, na hili ni la hatari zaidi, majina ya irabu katika Kiingereza hugongana na sauti za Kiswahili. Mwingereza huitaja A kwa sauti inayokaribia e yetu, na E huitaja kama i yetu. Sasa fikiri mhandisi aliyesoma kwa Kiingereza akimpigia simu mwalimu mkuu na kumwambia, "Fuata mchoro wa i." Mwalimu ataandika I. Mhandisi alikusudia E. Kanuni ya Wamarekani imeiondoa I, kwa hiyo anayeijua kanuni atagundua kosa. Lakini ni nani aliyepata kumwambia mwalimu kanuni hiyo? Tena, "mchoro wa e" unaweza kuwa E kwa Mswahili na A kwa aliyezoea Kiingereza, na hapo hakuna kanuni ya kutuokoa, maana herufi zote mbili zinaruhusiwa.

Tatu, baadhi ya lugha zetu za kwanza hazitenganishi r na l, na wazungumzaji wake huzibadilisha hata katika Kiswahili. R na L zote zimo katika zile herufi 20.

Tarakimu hazina udhaifu huo. Hakuna Mtanzania atakayesikia tatu akaandika tano. Ndiyo maana kwa hati zinazotungwa kwa Kiswahili, zitakazosomwa na kujadiliwa na kamati za wananchi, mwandishi huyu anaona kuwa tarakimu zinafaa kuliko herufi.

Wajibu wa mfasiri

Baadhi ya wafasiri wetu, kwa bidii njema, hufasiri hata alama. Nimeona P01 ikigeuzwa A01, kwa hoja kwamba P husimamia neno la kigeni na A ni ya "awali". Hilo ni kosa. Alama ya mchoro ni jina, nalo jina halifasiriwi. Juma hawi mtu mwingine akivuka mpaka. Mfasiri afasiri kichwa cha safu na maelezo ya badiliko. Alama aiache ilivyo, ili aliye Kyerwa na aliye ng'ambo wakitaja P01 wawe wanataja karatasi moja.

Tatizo gumu zaidi ni la mchoro uliofasiriwa. Tuseme mchoro wa Kiingereza umefika rekebisho la 3, ukafasiriwa. Baada ya mwezi asili yake inafika rekebisho la 4, na tafsiri inabaki pale pale. Ikiwa tafsiri ina hesabu yake yenyewe, itaandikwa "Toleo la 1" na msomaji hatajua kwamba imepitwa. Tafsiri lazima ibebe alama ya asili yake kwanza, kisha namba yake yenyewe pembeni: "Tafsiri ya 1 ya rekebisho la 3". Jambo hili linawahusu pia wanaofasiri sheria. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza imekuwa kubwa. Tafsiri ya sheria isiyotaja imefasiriwa kutoka katika andiko la mwaka gani ni ndugu wa ile karatasi ya linta.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, mwandishi anapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Rekebisho litumike kwa badiliko lililoidhinishwa la mchoro, hata likiwa na mambo kadhaa ndani yake. Liandikwe kwa umoja na kwa kiunganishi: rekebisho la 3. Marekebisho libaki kuwa wingi halisi.

(b) Toleo litumike kwa tendo la kuutoa mchoro kwa watumiaji kwa kusudi lililotajwa: toleo kwa maoni, toleo kwa ujenzi. Rekebisho moja laweza kutolewa mara mbili kwa makusudi mawili.

(c) Nakala ibaki kuwa karatasi inayofanana na nyingine kwa kila kitu. Mchoro uliolowa ukitumwa tena, hiyo ni nakala.

(d) Sahihisho litumike kwa kosa la kuandika au kuchora tu. Nalo lihesabiwe kama rekebisho, kwa sababu fundi hana njia ya kujua kosa lilikuwa dogo kiasi gani.

(e) Alama ya rekebisho liwe jina la herufi au tarakimu iliyo konani, nayo isifasiriwe kamwe. Katika hati za Kiswahili itumike tarakimu, kuanzia 0, na kando yake yaandikwe maneno "mchoro wa kwanza".

(f) Mchoro uliopitwa uandikwe kwa herufi kubwa: UMEBATILISHWA NA REKEBISHO LA 4. Neno "wa zamani" halitoshi, kwani mchoro wa zamani huweza kuwa ndio unaotumika.

(g) Kila rekebisho liwe na tarehe, na mwezi uandikwe kwa jina. Tarehe 3/4 ni ya Aprili kwetu na ni ya Machi kwa Mmarekani.

Yako mawili ambayo yanaweza kupingwa, na ni haki yapingwe. La kwanza ni sifuri. Wako watakaosema hesabu ianzie 1 ili ilingane na desturi yetu. Naona sifuri ni bora, maana rekebisho la 1 litakuwa kweli rekebisho la kwanza; lakini nipo tayari kushindwa kwa hoja. La pili ni neno rekebisho lenyewe, ambalo masikioni mwa wengine limepwaya kwa kuwa wamezoea wingi wake. Jibu langu ni kwamba neno hukazwa na matumizi. Badiliko nalo lilikuwa na wingi uliovuma zaidi, na leo hakuna anayeshtuka kulisikia kwa umoja.

Hitimisho

Kuchapisha orodha ya istilahi hakumalizi kazi. Istilahi hii itahitaji kufika katika hati za zabuni, katika mafunzo ya kamati za ujenzi na katika masomo ya vyuo vya ufundi, la sivyo itabaki kuwa mali ya kamusi. Walimu wakuu wanaosoma jarida hili wanaweza kuanza bila kungoja: mchoro mpya ukifika, uandikwe tarehe ya kupokelewa, na ule uliopitwa upigwe mstari mbele ya kamati.

Nilipomsomea yule fundi wa Kamuli mapendekezo haya, alitikisa kichwa kwa lile la kwanza na la pili. Alipofika kwenye la sita akaniomba nilirudie. Kisha akachukua kalamu, akaiandika ile karatasi ya nondo za milimita 12, iliyokwisha kumgharimu linta nzima: UMEBATILISHWA. Akaikunja, akairudisha kabatini pamoja na mwenzake, ili wajukuu wake, alisema, wasije wakaijengea.